Baba Yangu si Hadithi

Kama gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa misumari dukani kabla hujanifikia, pole. Nitakusimulia kwa pumzi moja.

Nilifukuzwa kazi kwa dobi kwa sababu niliandika kisa cha kuchekesha kuhusu suruali ya mteja, na mteja akajitambua. Mchumba akaniacha kwa sababu niliandika shairi la mapenzi, na yeye hakujitambua. Nikarudi nyumbani kukaa na baba, ambaye kumbukumbu zake zimeanza kuhama bila kuaga, ili dada yangu muuguzi aende kazini kwa amani. Tuliachana mlangoni: geti wazi, kiti cha baba kitupu, na mimi nimeshika simu yenye hadithi nusu.

Kuna kitu sikukwambia wiki iliyopita kwa sababu niliona aibu. Baba aliniaga.

Alikuja akasimama mbele yangu, amevaa koti lake la kazi. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na tangu maradhi yamwingie, kila mtu kwake ni fundi.

"Fundi," akaniita, "tunatoka saa ngapi?"

"Ngoja kidogo, mzee. Namalizia sentensi."

"Sentensi ya nini?"

"Ya kuwapa watu usingizi."

"Haya. Mimi natangulia na ngazi."

Nikacheka. Hatuna ngazi. Nikaona hiyo ni nzuri, nikainama kuiandika isije ikanipotea. Nilipoinua macho nimwombe nyingine, mwenyewe alikuwa keshatangulia.

Nilizunguka mtaa mzima. Muuza mkaa hakumwona. Kinyozi hakumwona. Mama wa duka la kona alimwona, lakini jana. Nikarudi nyumbani shati limenigandia mgongoni, nikamkuta dada amefika, bado na sare yake, amesimama katikati ya sebule kashika kisanduku cha sindano za kisukari za baba.

"Baba yuko wapi?"

"Ametangulia."

Huo ndio ugonjwa wangu mimi. Nikiogopa, mdomo hutania. Dada hakunizaba kofi, na natamani angenizaba.

"Sindano ya asubuhi nilimchoma mwenyewe," akasema taratibu, kwa ile sauti ya kuwaelezea ndugu wa mgonjwa. "Ya jioni hana. Ya kesho hana. Daktari alituambia nini kuhusu kuruka sindano?"

"Tusiruke."

"Alisema sukari itapanda mpaka aanguke, na akianguka hataamka mwenyewe. Ulikuwepo. Ulikuwa unaandika kuhusu tai ya daktari."

Kweli, nilikuwa naandika kuhusu tai ya daktari.

"Basi andika na leo," dada akasema. "Una maelfu ya watu humo kwenye simu. Siku zote wanakula bure. Leo wafanye kazi. Waambie wamtafute baba."

Hapo lazima nisimame kidogo kwa ajili yako wewe usiyeujua ukurasa wangu, la sivyo hutaelewa tulivyoangamia.

Ukurasa wangu hauna ukoo. Wenzangu wanaoandika mtandaoni kila mmoja ana shamba lake: huyu ndoa, yule mpira, mwingine ufugaji wa kuku hali hajawahi hata kudonolewa. Mimi naamka na lililoamka nami. Jumatatu kichekesho. Jumanne mzimu. Jumatano nawashauri wanandoa, mimi niliyekimbiwa kabla ya posa. Alhamisi taarifa ya habari, ya mambo ambayo hayakutokea.

Dada alinionya. "Chagua kitu kimoja, mdogo wangu. Daktari wa meno hanyoi watu nywele."

Nikamjibu kwamba hata baba hakuchagua. Baba alichomelea mageti, vitanda, madirisha, mpaka mkono wa sufuria.

"Ndiyo," akasema, "lakini geti la baba ukiliona unajua ni geti."

Sikumwelewa. Nilidhani ananionea wivu.

Na siku yangu kubwa ni Ijumaa. Ijumaa natundika hadithi ninayoikata shingo katikati, kisha nawaambia wasomaji: malizieni wenyewe. Basi wanajigawia sehemu. Huyu anaingia kama mjane, yule kama hakimu, mwingine kama marehemu mwenyewe analalamikia ufupi wa sanda. Wanajibizana kutwa nzima, na mwisho utakaopigiwa vidole gumba vingi kuliko yote ndio unaokuwa mwisho. Wapo wanaoomba ruhusa kazini kwa ajili ya Ijumaa yangu.

Siku aliyopotea baba ilikuwa Ijumaa.

Dada akasimama nyuma yangu nikaandika. Nilidhamiria kuandika tangazo. Lakini mkono uliozoea kuunga mchuzi haujui kuchemsha maji matupu. Nikaandika hivi:

"Asubuhi ya leo baba yangu ametoka nyumbani na koti la kazi aliyoiacha zamani, na viatu viwili visivyofahamiana, kimoja cheusi, kimoja cha kahawia. Amesema anatangulia na ngazi. Hatuna ngazi. Aliyemwona aniambie."

Dada akasoma, akasoma tena.

"Hili ni tangazo au ni sinema?"

"Lina kila kitu. Koti lipo, viatu vipo."

"Namba ya simu haipo."

"Wataandika hapo chini. Ndivyo walivyozoea."

Nikabonyeza. Kabla sijavuta kiti, maoni yakaanza kumiminika, na moyo wangu ukaenda nayo.

"Mzee kaonekana mwezini anapaka rangi. Kumbe ngazi anayo, tena ndefu." Vidole gumba mia tatu.

"Mimi ndiye kiatu cha kahawia. Namtafuta mwenzangu, aliye naye amrudishe." Mia tano.

"Mimi ni ngazi. Sikuwahi kuwepo, lakini nilimpenda." Huyu alipita elfu, na mwanamke mmoja akamwandikia kwamba amemliza.

Nikajikuta natabasamu. Sasa nifanye nini, ya ngazi ilikuwa nzuri. Dada akaliona lile tabasamu. Akavaa ndara, akatoka kwenda kumtafuta baba kwa miguu yake.

Nikaandika upya: "Jamani, hii si hadithi. Baba amepotea kweli."

Jibu la kwanza likaja kabla sijapepesa macho: "Hata ile ya mwezi uliopita ulisema si hadithi. Tukaanza kuchangishana sanda ya mtu ambaye hakuzaliwa. Twende kazi, mwandishi."

La pili: "Napenda anavyojiingiza mwenyewe ndani. Hii ni mbinu ya juu sana."

Ndipo nilipoona ghala langu lilivyo tupu. "Naapa." "Nalia huku naandika." "Hii si hadithi." Maneno yote ambayo mtu wa kawaida huyaweka kabatini kwa siku ya msiba, mimi nilikwisha kuyatoa moja moja kwa ajili ya vidole gumba. Siku ya msiba imefika, nafungua kabati, nakuta buibui.

Nikakimbilia kituo cha polisi.

Askari wa kaunta alikuwa kijana wa rika langu. Akachukua kalamu vizuri tu. Jina la aliyepotea? Nikamtajia. Jina lako wewe? Nikamtajia. Kalamu ikasimama.

"Wewe siye yule wa ukurasa? Wa marehemu aliyerudi kudai kiti chake?"

"Ndiye, afande, lakini leo nina..."

"Ile nilicheka mpaka mkubwa akanitoa lindoni." Akageuka nyuma. "Njooni mwone mtu."

Wakaja wawili. Mmoja akataka kujua kama mke wa yule marehemu alikuwa anajua tangu mwanzo au alishtukia mwishoni.

"Afande, baba yangu amepotea. Ana kisukari. Ameondoka bila sindano."

Nikauona uso wa yule wa kaunta unabadilika, unakuwa uso wa mtu mwenye baba. Nikapata tumaini. Kisha akatoa simu yake, akafungua, akasoma, na uso ukarudi ulikotoka.

"Katangulia na ngazi," akawasomea wenzake, na wote watatu wakatikisa vichwa kwa raha. "Una kipaji, ndugu yangu. Lakini Ijumaa yako usituletee kaunta. Taarifa ya uongo ni kosa, na wewe unajua. Nakupa nafasi utoke kwa miguu yako."

"Twendeni basi nyumbani, mkaone kiti chake."

"Ili Jumatatu utuandike? Askari watatu wakikagua kiti?"

Ningewaandika kweli. Na ingekuwa nzuri.

Jioni dada alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Kisanduku cha sindano kilikuwa mezani, na saa ya kukifungua ilikuwa imefika. Akakitazama, akanitazama, akanyoosha mkono.

"Nipe simu. Nipige video."

Akakaa kwenye kiti cha baba. Hakujifuta vumbi, hakukohoa.

"Baba yetu amepotea. Ana kisukari na akili yake haimkumbuki mtu. Asipochomwa sindano atakufa. Ukimwona piga namba hii."

Akataja namba yake, machozi yakatoka bila sauti. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza ukurasa wangu kubeba kitu ambacho ukikiona unajua ni nini. Nikasema moyoni, sasa watatuamini, maana huyu si mimi.

"Huyu dada mmempata wapi? Anaigiza kuliko wale wa kwenye runinga."

"Chozi la kushoto limechelewa kidogo. Rudieni hapo."

"Mwandishi siku hizi ana bajeti."

Na simu ya dada ikaanza kuita. Wa kwanza alisema yeye ndiye baba, yuko mwezini, hela ya kurudia imemwishia. Wa pili alisema yeye ni ngazi. Wa tatu alicheka tu mpaka salio likamwishia. Dada alizipokea zote. Nilimwambia azime, akasema je, kama ya nne ni ya kweli? Na kila alipopokea alisema "haloo" kwa sauti ile ile mpya, kana kwamba hakuna aliyewahi kumpigia kabla ya huyo.

Hiyo "haloo" ndiyo iliyonivunja, msomaji wangu. Matusi nimeyazoea, hata ya wanaoniita mwandishi wa supu, wa kuchanganya kila kitu sufuria moja.

Asubuhi ya Jumamosi nilimkuta mezani na simu yangu mkononi. Macho mekundu, lakini mgongo umenyooka.

"Kuna moja hukuniambia," akasema.

"Maoni yote nimeyasoma, dada."

"Umesoma ya juu. Wewe husoma yenye vidole gumba, ukichoka unaacha. Mimi nimeanzia chini kabisa, kwa wale ambao hawakumchekesha mtu."

Akanigeuzia kioo. Ilikuwa imeandikwa jana mchana, wakati mimi nawaburudisha polisi.

"Habari zenu. Kuna mzee hapa anashikashika geti langu, anasema bawaba imechoka. Viatu vyake havifanani. Ni wa kwenu?"

Hapakuwa na kidole gumba hata kimoja.

Koti na viatu niliviandika, kila mtu aliweza kuvichezea. Ufundi wa baba sikuugusa. Hakuna aliyejua kwamba baba hapiti penye geti bila kulisalimia bawaba zake kwanza, kama mtu anayemshika mtoto wa jirani kidevu. Bawaba haiwezi kutungwa.

"Hii uliiona?" dada akauliza.

Ningeweza kudanganya. Utunzi ndio kazi yangu.

"Niliiona jana jioni. Nikaipita. Niliona haina chumvi."

Dada akasimama, akachukua kisanduku. "Vaa viatu."

Aliyeandika alikuwa mama mmoja fundi cherehani. Ukurasa wake ulikuwa magauni matupu: gauni la njano, gauni la bluu, sare za shule, na chini ya kila gauni ameeleza kibanda chake kilipo na namba ya simu. Hakuna mzimu wala utani. Hata mtu aliyelewa angefika kwake. Tulipiga simu haikupokelewa, tukakodi gari mpaka mlangoni.

Geti lilikuwa la kijani. Dada alilisukuma kwa bega akitegemea ligome, nusura aanguke ndani, maana lilifunguka laini, bila hata kulia. Bawaba ya juu ilikuwa imekazwa kwa waya, imepakwa mafuta. Mkono wa baba. Kwa mara ya kwanza tangu jana dada akacheka, kicheko kifupi cha puani.

"Baba," akaita. "Baba, tumekuja."

Ndani palikuwa na baraza, cherehani mbili, na mama wa makamo mwenye futi ya kupimia shingoni na pini mdomoni.

"Karibuni," akasema kwa upande wa mdomo. "Kama ni sare za shule, bado."

"Mama, shikamoo. Hatukufuata sare," dada akasema. "Tumemfuata mzee wa bawaba."

Mama akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kifuniko cha kiti.

"Marahaba. Mzee wa bawaba ameshachukuliwa."

"Na nani?"

"Na mwanawe."

Tukatazamana na dada. Baba ana watoto wawili tu, na wote walikuwa wamesimama pale barazani.

"Mwanawe ni mimi," nikasema.

"Na yeye alisema hivyo hivyo."

Dada alikuwa bado amekibana kile kisanduku kifuani.

"Tueleze, mama. Pole pole."

"Nieleze nini? Nimeandika jana, hamkujibu. Nikaona chini yake watu wanachekelea tu, nikasema labda ni mchezo wa vijana, mzee mwenyewe ni wa mtaa huu. Jioni hana pa kwenda, nikamtandikia chumba cha cherehani. Asubuhi na mapema kijana akaniandikia kando: mama, huyo ni baba yangu, naja. Akanipigia kuuliza njia. Akaja na gari."

"Baba alikuwa na hali gani?"

"Mchangamfu. Ila maji. Alikunywa maji, mwanangu, mpaka nikaogopa. Na haja kila saa."

Dada akafumba macho. Alikuwa anapiga hesabu ambayo mimi siijui, ya sukari na masaa.

"Sasa unampaje mtu baba yetu hivi hivi?" nikasema. Sauti ilinipanda bila kuniomba ruhusa.

"Wewe kijana, usinifokee kwangu. Nilimwuliza maswali. Koti alilijua. Viatu alivijua. Habari ya ngazi aliijua. Sindano ya sukari aliijua, tena akasema ndiyo inayomharakisha."

"Yote hayo yako kwenye simu. Tumeyaandika wenyewe."

"Mimi ningejuaje? Nikamgeukia mzee mwenyewe. Nikamwambia, mzee wangu, huyu ni nani wako? Akamtazama sana usoni. Akamshika hapa, shavuni. Akasema, mwanangu huyu."

Dada akakaa juu ya mzigo wa vitambaa, taratibu, kama aliyekatwa kamba.

Mimi baba hajaniita hivyo tangu aumwe. Kila asubuhi namvisha shati, na kila asubuhi ananishukuru kama mtu aliyenikuta njiani.

"Pengine alisema fundi," nikasema. "Baba kila mtu kwake ni fundi. Hata mbuzi wa jirani ni fundi, tena fundi mkuu." Mdomo ulikuwa umeshaanza, na mimi nausikia unakwenda, siwezi kuukamata.

Mama akanitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Nimesikia kwa masikio yangu. Amesema mwanangu. Na yule kijana alipomwona alipiga magoti pale kwenye vumbi, akamfunga kamba za viatu huku analia, mpaka nikamkatia kipande cha kitambaa ajifute. Wewe umeingia hapa unanihadithia mbuzi. Hebu niambie, ungekuwa mimi, ungemkabidhi nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Mimi mwenyewe ningempa yule.

Ni msomaji wangu, hapana shaka. Lakini nikajaribu kumwona akili ikakataa. Ni mchezaji wa Ijumaa aliyejigawia sehemu ya mtoto, anayeamini kwamba na mzee amepewa sehemu yake, na mama huyu, na geti hili, na kwamba mahali fulani mimi nimekaa nampigia makofi? Au ni mtu anayejua vizuri sana kwamba hakuna mchezo? Kati ya hao wawili sikujua nimwombee baba awe mikononi mwa yupi.

Dada ndiye aliyezinduka.

"Mama, umesema alikupigia. Namba yake unayo."

Mama akaitafuta simu yake chini ya vitambaa, akaitikisa nyuzi zilizoning'inia, akapiga. Akaweka spika, akailaza juu ya meza ya cherehani. Tukaiinamia wote watatu.

Ikaita. Ikaita sana. Nikaanza kuiombea iwe ndiyo ile ya nne, ya kweli.

Ikapokelewa. Upepo, mngurumo wa gari, kitu kinagongagonga. Labda yule kijana aliiona namba ya mama, akadhani anaulizwa kama wamefika salama, akampa mwenyewe asalimie.

"Haloo," akasema baba.

Ilikuwa sauti yake nzima, ya zamani, ile ya kuwaamrisha vijana karakanani. Imekauka kidogo tu.

"Baba. Uko wapi?" dada akauliza.

"Niko barabarani. Kuna kazi tunaiwahi."

"Unaona nini hapo nje? Niambie kitu chochote unachokiona."

"Miti." Akavuta pumzi, nzito, kama anayepanda mlima hali amekaa. "Miti tu. Nani mwenzangu?"

Dada alikuwa amenishika mkono mpaka kucha zinaingia. Mdomo wangu ukafunguka, na kwa mara ya kwanza haukuwa na mbuzi wala ngazi. Nilitafuta neno moja tupu, la kila siku, ambalo sijawahi kulitia chumvi. Nikalipata.

"Mwanao."

Nikasikia sauti nyingine pembeni yake, ya kijana, ya upole, inasema jambo ambalo sikulishika. Baba akaitikia, "Haya, haya," kama mtu anayefunikwa shuka.

Kisha akarudi kwangu, bila hasira yoyote.

"Umekosea namba, kijana. Mwanangu ninaye hapa."